Gesi Haiishi, Huvuja: Mhadhara juu ya Kutafuta Hitilafu za Kiyoyozi katika Malori ya Zamani

1. Utangulizi

Barabara ya Mandela, inayotoka eneo la bandari na kupita TAZARA, Buguruni na Tabata hadi Ubungo, ndiyo njia inayobeba sehemu kubwa ya malori yanayotoa mizigo Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Barabara ya Morogoro, na kutoka hapo kwenda Tunduma, Rusumo na nchi jirani zisizo na bahari. Kwa sababu hiyo Tabata na majirani zake, Buguruni na Vingunguti, hazikosi gereji za malori, na miongoni mwa kazi zinazofanywa humo ipo moja ambayo wenye magari wengi huilipia kila msimu wa joto bila kupata nafuu ya kudumu, nayo ni matengenezo ya kiyoyozi, kifaa ambacho madereva na mafundi hukiita AC.

Jibu linalotolewa mara nyingi zaidi kwa lori ambalo kiyoyozi chake kimeacha kupoza ni kwamba gesi imeisha, na tiba inayofuata ni kujaza nyingine. Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba jibu hilo lina kasoro tangu mwanzo wake, kwa kuwa gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na mashine. Huzunguka katika mfumo uliofungwa, na ikiwa imepungua basi lipo tundu ilimopitia. Aidha, lori linaweza kuacha kupoza ilhali gesi yake imetimia, kwa sababu ya waya, mkanda, feni au vumbi. Fundi anayeanza na mtungi wa gesi huwa ameanza mwishoni, na mhadhara huu unakusudia kuonyesha mpangilio ulio bora: kumsikiliza dereva, kutazama, kupima umeme, kupima presha, na ndipo kufungua mfumo.

2. Kazi ya kiyoyozi na viungo vyake

Kati ya Desemba na Machi halijoto ya mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 hivi, huku hewa ikiwa na unyevu mwingi unaozuia jasho kukauka, na kwa kuwa katika malori mengi ya Ulaya na Japani kabini hukaa juu ya injini, dereva aliyekwama kwenye foleni hupata joto la jua kutoka juu na la injini kutoka chini. Kiyoyozi humpunguzia uchovu, lakini kina kazi ya pili ambayo husahauliwa hadi masika yafike, yaani kuikausha hewa ya ndani ili ukungu usitande kwenye kioo cha mbele wakati wa mvua. Kwa hiyo kukiita starehe ni kukipunja, kwani dereva asiyeona mbele ni hatari kwake mwenyewe na kwa wanaovuka barabara.

Kanuni inayokiendesha ni kwamba kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto la vitu vinavyokizunguka, kama vile maji yanayopenya kwenye udongo wa mtungi na kukauka kwa nje yanavyoyapoza yale yaliyobaki ndani. Mtungi hupoteza maji yake hewani, ilhali kiyoyozi hukusanya mvuke wake, huurudisha kuwa kimiminika na kuutumia tena bila kikomo. Mzunguko huo una viungo vikuu vinne. Cha kwanza ni kompresa, pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda na kuubana mvuke hadi uwe na presha kubwa na joto kali. Cha pili ni kondensa, wavu wa mabomba membamba uliowekwa mara nyingi mbele ya rejeta, ambamo mvuke huo hutoa joto lake kwa hewa ya nje na kugeuka kimiminika. Cha tatu ni valvu ya kutanua, tundu jembamba linalojirekebisha lenyewe, ambalo kimiminika kikilipita presha yake hushuka ghafla. Cha nne ni evaporeta, wavu mwingine uliofichwa ndani ya dashibodi, ambamo kimiminika huchemka na kufyonza joto la kabini, kisha mvuke wake hurudi kwenye kompresa. Kati ya kondensa na valvu hukaa draya, kopo lenye chembechembe zinazonyonya unyevu na kuchuja taka.

Hewa ya kabini inapoguswa na ubaridi wa evaporeta huacha unyevu wake hapo, na maji hayo hushuka kwa mpira mdogo hadi chini ya gari. Kwa sababu hiyo lori lililosimama Tabata Relini mchana wa Februari, injini ikiunguruma na maji safi yakidondoka chini ya kabini, limekwisha kutoa ushahidi kwamba evaporeta yake inapoa, na kama dereva bado analalamika joto, basi kosa litafutwe kwenye feni ya ndani, kwenye chujio la hewa lililoziba, au kwenye valvu ya hita. Valvu hiyo, inayoruhusu maji ya moto ya injini kuingia kabini ili kumpasha dereva anayelala njiani Makambako au Mbeya, huchakaa ikawa haifungi sawasawa, na matokeo yake ni kwamba hewa iliyopozwa na evaporeta hupashwa tena kabla ya kumfikia dereva. Hakuna kiasi cha gesi kitakachotibu hitilafu ya namna hiyo.

3. Mambo ya pekee katika lori la zamani

Malori makubwa ya zamani yanayoonekana bado barabarani, kama vile Scania za matoleo ya 113 na 124, hutumia umeme wa volti 24, ilhali magari madogo hutumia volti 12. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika soko la spea zilizotumika, ambako kompresa mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kwa nafasi za bolti huku koili zake, yaani sumaku za umeme zinazonasa klachi, zikiwa za volti tofauti. Koili ya volti 12 ikifungwa kwenye umeme wa volti 24 hupitisha mkondo maradufu na kuzalisha joto mara nne ya kiwango chake, ikaungua baada ya muda mfupi. Kinyume chake, koili ya volti 24 ikipewa volti 12 hupata robo tu ya nguvu yake na kushindwa kunasa.

Jambo la pili ni aina ya gesi. Malori yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1990 yalitumia gesi ya R12, ambayo ni jamii ya kemikali zenye klorini na florini. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya kemikali hizo inaweza kuiharibu ozoni, yaani tabaka la juu angani linalozuia mionzi mikali ya jua, na tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal ili kuziondoa. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwanzo wa 2010 kuacha kemikali za jamii hiyo. Mahali pake palichukuliwa na R134a, gesi isiyo na klorini, ambayo ndiyo inayouzwa leo kwa malori ya umri huo.

Kubadili lori kutoka R12 kwenda R134a kunahitaji zaidi ya kubadili mtungi. Oili ya madini iliyokuwa ikilainisha kompresa ya R12 haichanganyiki na R134a, hivyo haisafirishwi na gesi mpya. Hutuama kwenye evaporeta huku kompresa ikisagika kwa ukavu. Kazi iliyo sahihi huanza kwa kuisafisha oili ya zamani, kisha kubadili oringi (mipira ya duara inayoziba maungio), kuweka draya mpya inayokubaliana na gesi hiyo, kutia oili iliyotengenezwa kwa ajili yake, na kubandika karatasi inayoonyesha aina ya gesi iliyomo ili fundi ajaye asikosee. Lori ambalo hatua hizo zilirukwa hupoza kwa muda, kisha hurudi gereji na kompresa iliyokwama.

4. Maelezo ya dereva na ushahidi wa macho

Dereva anayeishi na lori lake huwa na nusu ya jibu, iwapo ataulizwa wakati, mahali na namna ambayo ubaridi hupotea. Kiyoyozi kinachopoza vizuri lori likiwa mwendoni kati ya Kibaha na Chalinze, kisha kikaacha likiwa kwenye foleni ya Buguruni, huonyesha kwamba kondensa haipati hewa ya kutosha gari likisimama. Hapo fundi huangalia feni ya injini, klachi ya feni hiyo, na tope au vumbi lililojaa kati ya kondensa na rejeta. Kiyoyozi kinachopoza kwa dakika chache, kikakata chenyewe, kikarudi baada ya kuzimwa kwa muda, huashiria ama unyevu uliomo ndani ya mfumo unaoganda kwenye tundu la valvu, ama evaporeta inayofunikwa na barafu kwa sababu thamostati, yaani swichi inayosikiliza ubaridi wake, haikati kompresa kwa wakati. Kiyoyozi ambacho ubaridi wake umefifia polepole kwa wiki kadhaa ndicho kinachoelekea zaidi kuwa na gesi pungufu.

Baada ya maelezo huja macho na mikono. Mkanda uliolegea au kumeta kwa kusuguka hauwezi kuizungusha kompresa yenye mzigo. Doa la mafuta yenye vumbi kwenye ungio la bomba ni ushahidi mzito, kwa kuwa oili husafiri pamoja na gesi na kubaki mahali gesi ilipotokea. Injini ikiwa inafanya kazi, bomba jembamba linaloingia kwenye valvu huwa na joto na lile nene linalorudi kwenye kompresa huwa baridi. Draya, kwa upande wake, inatakiwa kuwa na joto lile lile pande zote mbili, na ikiwa upande wa kutokea ni baridi kuliko wa kuingilia, basi imeziba ndani. Uchunguzi huu hauhitaji kifaa chochote, lakini ni vyema kipimajoto kikawekwa kwenye matundu ya dashibodi, ili ubaridi wa kabla na wa baada ya matengenezo uhukumiwe kwa namba.

5. Umeme kabla ya gesi

Kompresa ya lori haifanyi kazi wakati wote. Puli yake huzunguka daima pamoja na mkanda, na sahani iliyo mbele ya puli hunaswa na sumaku ya klachi pale tu umeme unapofika. Umeme huo hupita kwenye fyuzi, swichi ya dashibodi, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), thamostati na swichi ya presha, ambayo hukata mkondo gesi ikiwa kidogo mno au presha ikiwa kubwa mno. Kukatika mahali popote katika mnyororo huo huizuia kompresa, na kwa dereva dalili ni ile ile ya gesi iliyopungua.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha volti kwenye plagi ya klachi huku kiyoyozi kimewashwa. Ikiwa betri zinatoa volti 24 au zaidi na plagi inapata 17 au 18, umeme unapotea njiani kwenye maungio yenye kutu, rilei iliyoungua au waya wa ethi, ule unaorudisha mkondo kwenye chesisi, na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha uharibifu wa aina hiyo. Ikiwa hakuna umeme kabisa, mnyororo hufuatwa kiungo baada ya kiungo. Desturi ya kuipiga swichi ya presha dairekti, yaani kuunganisha nyaya zake mbili ili kompresa izunguke kwa nguvu, inastahili kukemewa: swichi hiyo iliwekwa kwa sababu gesi ndiyo inayobeba oili, na kompresa inayolazimishwa kuzunguka bila gesi hujisaga na kutawanya vumbi la chuma katika mfumo mzima.

Hitilafu moja ya klachi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hupatikana sana katika malori yaliyotembea miaka mingi na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni gesi. Kati ya sahani na puli kuna nafasi nyembamba, ambayo katika kompresa nyingi za malori, kama zile za Sanden ya Japani, hutakiwa kuwa kati ya milimita 0.4 na 0.8. Kila sahani inaponaswa husuguka kidogo, na kadiri miaka inavyopita nafasi hupanuka. Koili nayo ikipata joto, ukinzani wa waya wake huongezeka na nguvu ya sumaku hupungua. Mambo hayo mawili yakikutana, lori hupoza vizuri alfajiri linapotoka Tabata, na ifikapo saa saba mchana sahani hushindwa kuvutwa, kompresa ikasimama, na dereva akarudi gereji jioni ambapo kila kitu kimepoa na kinafanya kazi tena. Fundi mwenye subira hupima nafasi hiyo kwa vibapa vyembamba vya chuma vinavyotumika kupimia valvu za injini, huondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani, na tatizo huisha bila gramu moja ya gesi kununuliwa.

6. Lugha ya geji

Pale umeme na hewa vinapothibitishwa kuwa salama, ndipo geji mbili huunganishwa, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Lori ambalo halijawashwa kwa saa nyingi, katika halijoto ya nyuzi 30, huonyesha pande zote mbili pauni 95 hivi kwa inchi ya mraba iwapo lina R134a. Namba hiyo huwapotosha wengi, kwa sababu presha ya gesi iliyotulia hutegemea halijoto peke yake, mradi tone la kimiminika limebaki ndani. Mfumo wenye gramu 300 na wenye gramu 1,000 utaonyesha namba moja. Presha ya kutulia inaweza kuthibitisha kwamba mfumo haujawa mtupu, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba umejaa.

Ushahidi kamili hutolewa kompresa ikizunguka. Katika mchana wa joto la Dar es Salaam, upande wa bluu huwa kwa kawaida kati ya pauni 30 na 45, na ule mwekundu kati ya 200 na 275. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Bluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imechakaa ndani na haibani tena. Zote mbili zikiwa juu, kondensa haitoi joto, au gesi imezidishwa, au hewa ya kawaida imeingia katika mfumo. Bluu ikishuka hadi chini ya sifuri, njia imeziba kwenye draya au kwenye valvu. Inafaa kuzingatiwa kwamba mawili kati ya makosa ya kundi la tatu, yaani gesi iliyozidi na hewa iliyoingia, hutokana na kujaza kwa kukisia, jambo linaloonyesha kwamba tiba iliyozoeleka huzaa ugonjwa mwingine.

7. Tundu, unyevu na mizani

Uvujaji ukithibitishwa, mfumo hujazwa naitrojeni kavu kwa presha ya kiasi, na maungio hupakwa povu la sabuni hadi mapovu yaonyeshe tundu. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea isitumike kamwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka. Mahali panapopaswa kuangaliwa kwanza ni hozi za mpira zilizopasuka kwa mtikisiko, sili ya shafti ya kompresa, maungio yaliyokazwa kupita kiasi, na kondensa iliyopigwa na kokoto.

Baada ya kuziba tundu na kuweka draya mpya, mfumo hunyonywa hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, hatua ambayo mahali pengi hurukwa kwa kisingizio cha muda. Sababu yake ni ya kifizikia: maji huchemka kwa nyuzi 100 penye presha ya kawaida ya usawa wa bahari, lakini presha ikishushwa chini ya sehemu moja ya ishirini na tano, huchemka kwa nyuzi zisizofika hata 30, hivyo unyevu uliomo kwenye mabomba hugeuka mvuke na kunyonywa. Katika mji wa pwani, ambako hewa yenyewe imejaa maji, mfumo ulioachwa wazi mchana mmoja huwa umekunywa unyevu wa kutosha kugandisha valvu na kuzalisha asidi inayokula aluminiamu. Pampu ikizimwa na geji ikabaki palepale, tundu limezibwa kweli. Ikipanda, kazi haijaisha. Hapo tu ndipo gesi hutiwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa na mtengenezaji.

8. Gesi bandia na wajibu kwa anga

Soko la gesi lina hatari zake. Mwaka 2011 makontena yenye mitambo ya kupozea yalilipuka na kuua mafundi huko Vietnam na Brazil, na chanzo kikabainika kuwa ni kemikali ya R40 iliyouzwa kama R134a, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kiwanja kinachowaka kikiguswa na hewa tu. Vilevile gesi ya kupikia hupoza vizuri ikitiwa kwenye kiyoyozi, na urahisi wake huwavutia baadhi ya watu, lakini evaporeta iko ndani ya kabini anamokaa dereva na utingo wake, na tundu dogo likitokea hapo huwafungia watu pamoja na gesi inayosubiri cheche.

R134a halisi haiwaki kirahisi wala haigusi ozoni, ila ina dosari nyingine. Kilo moja ikiachwa hewani huongeza joto la dunia, kwa kipindi cha miaka 100, sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksaidi, kiasi kinachozidi kile kinachotolewa na lita 500 za dizeli, na lori hubeba karibu kilo hiyo moja. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali mnamo Oktoba 2016 na kuongeza gesi za jamii hiyo katika Itifaki ya Montreal, ambapo nchi nyingi zinazoendelea zilipangiwa kusitisha ongezeko la matumizi mwaka 2024 na kuyapunguza kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Tabata ina historia yake katika kutetea hewa safi, kwani mwaka 1988 wakazi wake waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo la taka, nao wakashinda. Gesi inayofunguliwa hewani gereji haina moshi wala harufu ya kuwafikisha watu mahakamani, lakini madhara yake hudumu zaidi ya moshi ule.

9. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, tatizo la viyoyozi vya malori ya zamani ni tatizo la mpangilio wa kazi kabla ya kuwa la vifaa. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ambayo ina chuo Chang'ombe, Temeke, vinafaa kumfundisha fundi wa kiyoyozi umeme wa volti 24 kwa uzito ule ule wa geji, kwa kuwa katika lori vitu hivyo havitenganiki. Mafundi wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuchangia pampu moja ya vakyumu na mizani moja, badala ya kila mmoja kukosa vyote viwili. Wenye malori nao, ambao ndio walipaji, wana uwezo wa kubadili desturi hii haraka kuliko yeyote, kwa kudai waelezwe volti zilizopimwa kwenye klachi, presha zilizosomwa na gramu zilizotiwa. Mwenye lori asilipie gesi mpya kabla ya kuonyeshwa mahali ya zamani ilipotokea.